Wajukuu wa Bibi Naetwe: Malazi ya Mbaga, Desemba

Jumatatu

Namkunda, 06:48
Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo wote hamjambo. Naandika kwa mara ya tatu kuhusu malazi ya Mbaga, kule kwetu milimani Upare, kwa kuwa ujumbe wa kwanza ulisomwa na watu 23 na kujibiwa na mmoja, naye alijibu kwa picha ya kikombe cha chai. Mwenye nyumba ya wageni amekubali kutuwekea vyumba sita kuanzia tarehe 24 hadi 28 Desemba, lakini anataka malipo ya awali kabla ya Ijumaa saa kumi jioni, kwa sababu kuna kundi jingine linalotaka kupanda kilele cha Shengena ambalo liko tayari kulipa hata leo. Kila mtu mzima atachangia shilingi 70,000, na watoto wa chini ya miaka kumi watalala na wazazi wao bila kuchangia.

Namkunda, 06:55
Kwa wale wanaoniuliza pembeni badala ya kuuliza hapa: ile si hoteli ya mjini. Hakuna televisheni, umeme hukatika, na maji ya kuoga huchemshwa kwa kuni na kuletewa mtu kwenye ndoo. Tunacholipia ni utulivu, pamoja na kile kibaraza kinachotazama uwanda wa Mkomazi, ambapo mtu hukaa na chai yake ya tangawizi akaona vumbi na miiba ya kule chini huku yeye mwenyewe amejifunika blanketi. Makande yapo, ila mpishi aambiwe siku moja kabla.

Elihuruma, 07:30
Dada, tulikula makande ya Bibi kwa miaka kumi na minane bila kulipa, wala hatukuwahi kumpa taarifa siku moja kabla.

Namkunda, 07:31
Elihuruma, umetuma mchango?

Elihuruma, 07:44
Bado natafakari. Babu alitembea mpaka Same mwaka 1945 kwenda kuipinga kodi ya mbiru ya wakati wa mkoloni, akakaa pale na maelfu ya wenzake akigoma kurudi nyumbani, kwa hiyo mjukuu wake akilipa siku ya kwanza anapoombwa atakuwa amelitia aibu kaburi lake.

Mama Neema, 07:46
Nimecheka mpaka abiria niliyekaa naye ameondoa vipokea sauti masikioni.

Anaeli, 12:20
Wapendwa, mimi niliye hapa Same naomba mnisikilize katika jambo moja kabla ya fedha. Mvua za vuli zimeanza kule juu, na kipande cha barabara kinachopanda mlimani baada ya kijiji cha Kisiwani kimekwisha kuwa na utelezi. Gari dogo lenye tumbo la chini halitapanda. Gari la abiria la Mbaga huondoka hapa mchana, hivyo anayetoka Dar es Salaam asubuhi, kwa umbali ule wa zaidi ya kilomita 400, atafika wakati limekwisha kwenda, na itambidi alale mjini. Naomba tujue mapema nani ana gari la kupanda, na litabeba watu wangapi.

Elihuruma, 12:26
Gari lipo. Kaka Yoeli analo lile lililosukumwa na kwaya nzima siku ya harusi ya Nakundwa.

Nakundwa, 12:27
Lilisukumwa na besi tu. Soprano waliimba.

Mama Neema, 12:29
Na mchungaji alishika mlango usifunguke. Jamani, siku ile!

Namkunda, 12:41
Anaeli ameuliza jambo la maana na mmelizika kwa vicheko. Naomba majibu.

Nakundwa, 13:02
Watoto wangu wanauliza kama wataona faru. Nimewaambia kwamba hifadhi ya Mkomazi ina faru weusi waliotunzwa ndani ya uzio maalumu, na kwamba wakati wa mvua tembo huvuka kutoka Tsavo wakaja upande wetu. Tunaweza kutenga siku moja tushuke na kuingilia lango la Zange?

Namkunda, 13:05
Tunaweza, Nakundwa, baada ya kulipia kitanda utakachoamkia.

Yoeli, 21:14
Habari za jioni. Nimetoka kazini sasa hivi na nimesoma yote, pamoja na yanayohusu gari langu, ambayo nayasamehe. Nina swali ambalo nadhani kila mmoja wetu analo ila anaogopa kulisema. Kutoka kibaraza hicho mpaka kiwanja cha Bibi, mtu mwenye afya anatembea kwa dakika arobaini. Inakuwaje tukalale kwa kulipa huku nyumba yetu imesimama kuta nne, wazi juu, na mwaka 2016 tulichanga fedha za mabati? Sitaki ugomvi. Nataka tu kuelewa mabati yale yaliishia wapi, kwa sababu mara ya mwisho nilipopita Same niliona banda la kuku lenye paa zuri kuliko nyumba nyingi.

*Ujumbe huu umefutwa.*

*Ujumbe huu umefutwa.*

Shangazi Nasemba, 21:50
Yoeli mwanangu, banda unalolisema ni langu, na risiti ya mabati yake ninayo kabatini. Mimi ndiye niliyebaki huku wakati ninyi nyote mkishuka milima kwenda mijini, na mimi ndiye niliyemwogesha mama yangu mpaka siku yake ya mwisho. Nikiulizwa habari za mabati, niulizwe mbele ya watu wazima nikiwa nimekaa kitini, lakini si katika simu ambamo watoto wa darasa la sita wanasoma.

Elihuruma, 21:58
Sasa hii kesi ikianza, tutauza ng'ombe kumi kutafuta haki ya kuku mmoja, kama watani wetu Wachaga wanavyotusema sisi Wapare.

Mama Neema, 22:01
Elihuruma, usiku huu nyamaza tu.

Jumanne

Baba Mkubwa, 04:37
Wanangu, nimesoma. Mjukuu wangu amenisomea na yale mliyoyafuta, kwa kuwa aliyaona kabla hamjayafuta.

Mabati yale niliyatoa mimi. Niliyatoa kwa mkono wangu mwenyewe, mwezi ule wa msiba, na mtu niliyempa yumo humu anasoma. Alikuwa na shida kubwa kuliko ya nyumba isiyo na mtu ndani. Nasemba hakuchukua hata bati moja, na amebeba maneno hayo miaka yote kwa sababu nilimwomba asiseme. Yoeli, utampigia simu shangazi yako leo kabla hujaenda kazini.

Kuhusu kulala, siwakatazi nyumba ya wageni. Ninyi mmezoea magodoro, na watoto wenu hawajui baridi ya Mbaga. Mimi nitalala kwa jirani, mahali ambapo ua wa mama yangu unaonekana. Lakini asubuhi ya tarehe 26, kabla ya chai, nataka kuwaona wote kaburini mkiwa na majembe. Ndiva ya pale chini, bwawa letu la kumwagilia, imejaa tope, na wenye zamu ya maji wamenilalamikia kwamba ukoo wetu haujatoa mtu msimu wa pili sasa. Baba yangu hakuwahi kukosa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, hata mwaka ule wa mbiru ambao Elihuruma anaufanyia mzaha. Kuhusu paa, tutaongea tukiwa tumelisimamia, kila mmoja akiinua macho aone mbingu.

Yoeli, 06:10
Shikamoo Baba Mkubwa. Nimekusikia. Nimekwisha kumpigia, na hajapokea.

Jumatano

*Hakuna ujumbe.*

Alhamisi

Namkunda, 19:22
Shikamooni. Nimesubiri siku mbili kwa heshima ya neno la Baba Mkubwa, lakini mwenye nyumba ya wageni hanisubiri mimi. Hadi sasa waliotuma fedha ni Nakundwa, Anaeli, mimi, na mtu mmoja ambaye ametuma mara tatu ya kiwango na kuandika tu neno "mabati" kwenye maelezo ya muamala. Sitataja jina. Naomba kuuliza kama fedha hiyo niihesabu kwenye vyumba au niitenge.

Baba Mkubwa, 19:40
Itenge.

Namkunda, 19:43
Nimeitenga. Basi kesho nitalipia vyumba vinne badala ya sita, na viwili mwenye nyumba amesema atavishikilia mpaka Jumatatu kwa hisani yake, akivipatia wateja kabla ya hapo tusimlaumu. Nimemweleza pia habari ya tarehe 26, akasema uji utakuwa tayari saa kumi na moja alfajiri na kwamba ana majembe mawili ya kuazima. Safari ya lango la Zange naiahirisha, kwa sababu sijui mtu aliyezoa tope asubuhi atakuwa na miguu ya kumfuata faru mchana.

Nakundwa, 19:50
Watoto wamelia, kisha wakauliza kama kwenye ndiva kuna vyura.

Elihuruma, 20:05
Misumari ya paa nitaleta mimi, ile ya kofia, kilo tano. Fedha ya chumba tutaongea, Dada.

Namkunda, 20:06
Elihuruma, misumari hailaliwi.

Yoeli, 22:31
Shangazi amepokea. Tumeongea saa nzima. Amesema atakuja Mbaga, ila hatalala kwenye nyumba ya wageni, na hakuniambia atalala wapi.

Anaeli, 22:48
Nashukuru kwa hatua tuliyofikia. Naomba kukumbusha kwamba mvua imenyesha tena leo tangu adhuhuri, na swali langu la Jumatatu kuhusu gari la kupanda kutoka Kisiwani bado halijajibiwa na mtu yeyote.