Ushauri wenu wakuu: kibanda cha kutafakari msituni, niezeke bati au nyasi?

Kimyakimya: Wakuu, habari za muda huu. Nisiwachoshe. Nina kipande cha msitu, nataka kujenga kibanda cha mbao cha kukaa peke yangu na kutafakari. Mita 3 kwa 4, chumba kimoja, dirisha kubwa upande mmoja. Sitaki kuuharibu msitu hata kidogo. Nimekwama kwenye paa. Nikiweka bati, mvua ikinyesha sitasikia hata pumzi zangu. Nikiweka nyasi naogopa moto na wadudu. Usingizi sipati. Nifanyeje?

Mzee_wa_Uzi: Mita 3 kwa 4 ni kasri, mkuu. Kamo no Chōmei, mtawa wa Japani wa karne ya 13, alikaa kwenye kibanda cha futi 10 hivi kila upande, kimeungwa kwa namna ya kukongolewa, mizigo yote inaenea mikokoteni miwili. Le Corbusier, msanifu majengo aliyechora majengo makubwa makubwa, naye alijijengea kibanda cha mita 3.66 kwa 3.66 tu, kikubwa kidogo kuliko chako, pwani ya kusini mwa Ufaransa. Punguza kwanza, paa baadaye.

FundiRanda: Bati halina kosa, kosa ni bati tupu juu ya papi. Tandika mbao, juu yake tabaka nene la nyuzi za mbao au sufu ya kondoo, ndipo bati lifuate. Upenu utoke sentimita 60 ili mvua isipige kuta. Mbao ziwe zimekauka. Unyevu ukikaa juu ya asilimia 20, kuvu wanahamia. Haya, msingi umepanga wa aina gani?

Chakubimbi: Mimi nataka kujua anamkimbia nani.

Kimyakimya: Asanteni. Msingi niachieni, uko sawa. Turudi kwenye paa.

NyukiMwitu: Usisahau mchwa ndugu yangu. Changu nilikiweka sakafu chini kabisa, kuta zimegusa udongo. Wakajenga vijia vyao vya tope nyuma ya ubao wa pembeni, hata sikuviona. Siku moja naegemea ukuta, kidole gumba kikazama. Rangi nzima, ndani vumbi. Halafu sola niliifunga chini ya miti! Kivuli cha tawi moja tu kikipita juu ya paneli, umeme unashuka vibaya. Nikaishia kutumia kandili, na mume wangu mpaka leo ananicheka.

Mja_wa_Kheri: Kutafakari ni moyo, si mbao. Asiyeweza kutulia sebuleni kwake, msituni atatulizwa na nani?

FundiRanda: Kimyakimya, nimeuliza msingi ukaukwepa. Mgonjwa haendi kwa tabibu akasema "tumbo usiliguse". Umechimba au hujachimba?

Kimyakimya: Sawa. Mitaro imeshachimbwa. Kibanda kinakaa chini ya mti mmoja mkubwa mno, ndio ulionifanya nipapende pale. Mtaro wa upande mmoja ulikutana na mizizi, tukakata miwili. Ilikuwa minene, ndiyo, lakini mti una afya, majani yote yapo, na ulikuwepo kabla babu yangu hajazaliwa. Kivuli chake ndicho kitakachopoza chumba bila feni. Saruji na kokoto vimeshafika, siwezi kurudi nyuma.

FundiRanda: Ndiyo hiyo uliyokuwa unaificha. Mizizi mingi ya mti iko ndani ya sentimita 60 za juu za udongo na hutambaa hadi nje ya kivuli cha matawi. Wanaotunza miti karibu na ujenzi hupima hivi: kipenyo cha shina mara 12, eneo hilo lote haliguswi. Shina la mita 1, unakaa mita 12. Mizizi minene ndiyo inayoushika mti usilale. Na majani si ushahidi. Mti unaweza kubaki wa kijani miaka kadhaa huku mzizi uliojeruhiwa unaoza chini kwa chini. Usimwage zege. Mtafute mtu wa miti aukague, kisha usogee. Huko weka nguzo chache juu ya vitako vidogo, sakafu inyanyuke sentimita 45 hivi, mchwa akipanda umwone. Saruji yote hiyo ya nini kwa chumba kimoja?

Kimyakimya: Fundi wangu anasema mti mkubwa hausikii mizizi miwili. Na huku upepo si mkali.

Chakubimbi: Wakuu, tunanyweshwa chai hapa. Huyu huyu alileta uzi wa kupanda maua kibarazani ghorofa ya nne, akalia hana hata kiganja cha ardhi. Leo ana msitu mzima? Picha!

NyukiMwitu: Eeh, kweli! Na mimi nimeshamwaga siri zangu zote.

Kimyakimya: Si chai. Msitu ni wa mjomba, kaniruhusu kwa mdomo. Picha siweki, watu wataanza kuja.

Mzee_wa_Uzi: Kwa mdomo, halafu zege? Mjomba akibadili nia utaubeba msingi kichwani? Yule mtawa sikumtaja kwa mapambo. Unga kwa bolti, si misumari, siku ukiambiwa uondoke unakongoa.

FundiRanda: Chai au si chai, kuna atakayesoma hapa akiwa na shoka mkononi. Majibu yangu yabaki.

Kimyakimya: Basi zege nimesimamisha. Lakini mahali sihami.

Chakubimbi: Mjomba anajua kuhusu hiyo mizizi?

Kimyakimya: Yuko safarini.