Dawa ya antisensi: je, inabadilisha jeni za mtoto?

Mama wa Likoni:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mtoto wa dada yangu ametimiza miezi minane na ukimwinua kichwa hulegea nyuma. Daktari amesema neva za uti wa mgongo zinazoendesha misuli zinakufa, akataja dawa ya antisensi iitwayo nusinersen. Babu yake hataki hata kuisikia, kwa kuwa ameambiwa kwamba inabadilisha maumbile. Naomba mwenye ujuzi anieleze.

Mtu wa Maabara, Kisauni:
Waaleikum salaam, dada. Jeni zenyewe haziguswi. Seli inapotaka protini hunakili maagizo ya jeni kwenye RNA, kisha huikata nakala hiyo na kuunga vipande vinavyofaa, kama fundi wa kanzu anayefuata alama za chaki. Mtoto huyo hana jeni ya SMN1 iliyo nzima; anayo pacha wake, SMN2, lakini katika nakala za SMN2 mkasi mara nyingi hukitupa kipande cha saba, na protini inayotoka haidumu. Nusinersen ni uzi mfupi wa herufi 18, zilizopangwa kinyume cha herufi za RNA ili zishikane nazo jozi kwa jozi (ndiyo maana ikaitwa antisensi), na hunata pale penye alama inayoupotosha mkasi. Alama ikifunikwa, kipande cha saba husalia.

Bin Kisiwani:
Mwenzangu ameeleza vizuri, ila si dawa zote za antisensi hufanya hivyo. Tofersen, dawa ya ugonjwa mwingine wa neva iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, huishika RNA ili kimeng'enya cha seli yenyewe kiikatekate, kwa sababu katika ugonjwa huo protini ndiyo yenye madhara. Mimi naona jina "tiba ya jeni" ndilo linalowatisha wazee bure.

Mama wa Likoni:
Shukran. Basi kwa nini sindano ipigwe mgongoni, tena isiyokwisha?

Mtu wa Maabara, Kisauni:
Kwa sababu uzi huo ukitiwa kwenye damu hauvuki kuingia kwenye uti wa mgongo, na baada ya muda huvunjwa na kutoka mwilini. Hivyo hutolewa dozi nne katika miezi miwili ya mwanzo, halafu moja kila miezi minne. Neva iliyokwisha kufa hairudi, kwa hiyo msikawie. Kuhusu maumbile babu na atulie. Mtihani ni bei, maana dawa hii ilipotoka Marekani mwaka 2016 dozi moja ilikuwa dola 125,000.