Nina uzoefu wa kuuza vinywaji tu, nataka kuingia kwenye vifaa tiba. Naanzia wapi?

Binti wa Nyakato
Wakuu, habari za jioni. Nina shahada ya biashara na kwa miaka kadhaa naendesha ruti ya vinywaji hapa Mwanza: Igoma, Buhongwa, Nyegezi hadi Usagara. Nataka kuhamia kwenye mauzo ya dawa au vifaa tiba. Mama yangu ana kisukari, na stripu za kupimia sukari zikikosekana madukani huwa natamani ningekuwa mimi ninayezileta. Ila kila tangazo linataka uzoefu wa sekta, mengine yanataka famasia au maabara. Natuma wasifu, kimya. Nirudi shule, au kuna mlango sijauona? Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Vitendanishi
Dada, tenganisha kwanza. Dawa za kuandikiwa ni dunia yake: unakaa na daktari bingwa mnajadili dozi na madhara. Huko wafamasia, matabibu na wauguzi wamekutangulia, na ni haki yao. Lakini glavu, kanula (sindano za kuwekea dripu), nyuzi za kushonea, vitanda na mashine za maabara, huko mlango ni mpana.

Chukua mashine ya FBP, ile ya kupima damu kamili. Mara nyingi msambazaji haiuzi. Anaifunga kwenye maabara ya hospitali binafsi, na hospitali inasaini mkataba wa kununua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, kwake. Hela iko kwenye vitendanishi. Kwa hiyo muuzaji lazima ajue maabara inapima watu wangapi kwa siku, chupa ikishafunguliwa inadumu muda gani, mzigo wa nyuzi joto 2 hadi 8 utafikaje Mwanza kutoka Dar bila kupata joto, na nani anaidhinisha malipo. Ukifunga mashine kubwa mahali penye wagonjwa wachache, vitendanishi vinaharibika kabla havijaisha na hospitali haitakusamehe. Mtu wa ruti anaielewa hesabu hiyo.

Sista wa Wodini
Mimi ni muuguzi, naongea kama mtu anayeletewa bidhaa. Ukija raundi ya madaktari inaendelea, hakuna atakayekusikiliza. Subiri iishe, na upite kwanza kwa matroni.

Alikuja kijana mmoja na kanula. Hakutusomea kipeperushi. Alituuliza zile tunazotumia zinatusumbua wapi. Tukamwonyesha ya njano, ile ya watoto: ncha ilikuwa inajikunja kabla haijaingia mshipani, mtoto anachomwa mara mbili, mara tatu. Akaandika, akaondoka. Aliporudi alileta sampuli za aina nyingine, akatuachia tuzijaribu wenyewe. Hana cheti cha fani ya afya, na hadi leo kanula zikikaribia kuisha tunampigia yeye.

Na ukiambiwa utoe bahasha ili bidhaa yako ipite, ondoka. Bahasha hiyo analipia mgonjwa.

Mfamasia wa Kariakoo
Napingana kidogo na Mzee. Hata kwenye dawa kuna pa kuingilia: famasia za jumla huajiri watu wa kuzungukia maduka ya rejareja, kuchukua oda na kukusanya madeni.

Binti, kwenye wasifu wako umeandika nini kuhusu madeni? Hospitali binafsi hununua kwa mkopo wa siku 30, 60, hata 90, wakisema bima haijalipa, na mara nyingi kweli haijalipa. Andika una wateja wangapi, unauza kiasi gani kwa mwezi, na deni gani liko nje. Mwajiri wa huku anatafuta mtu anayerudi na hela.

Serikalini utaratibu ni mwingine. Kituo cha umma huagiza MSD (Bohari ya Dawa) kwanza, kilichokosekana hununuliwa kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa na mkoa, kupitia Jazia, mfumo ulioanzia Dodoma mwaka 2014. Zabuni zinapita NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni. Na bidhaa yoyote kabla hujaibeba, hakiki usajili wake TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba.

Kijana wa Mbezi
Asome tu stashahada ya famasia, miaka 3 si mingi.

Mzee wa Vitendanishi
Miaka 3 na ada, ilhali kazi ya kuuza anaiweza tayari? Na chuoni wataangalia Kemia na Baiolojia za kidato cha nne. Kama lengo ni dawa za kuandikiwa, asome. Kama ni vifaa, aingie, mengine atayasoma akiwa kazini.

Binti wa Nyakato
Asanteni sana. Kemia niliiacha kabla ya kidato cha nne, kwa hiyo famasia naiweka pembeni. Nataka kuanza na glukomita, vile vimashine vya kupimia sukari, na stripu zake. Nikienda ofisini kwa msambazaji, nimwone nani?

Mzee wa Vitendanishi
Umechagua vizuri, maana glukomita nyingi hukubali stripu zake tu. Ni biashara ileile ya FBP kwa udogo. Mwone meneja mauzo wa kanda, usiishie kwa watu wa rasilimali watu. Usiende mwisho wa mwezi, wanafunga hesabu. Beba karatasi moja yenye zahanati binafsi zilizo kwenye ruti yako: nani hununua, wanatumia glukomita gani, stripu huwaishia lini. Tano ulizoingia mwenyewe ukauliza zinatosha.

Sista wa Wodini
Na kliniki za kisukari uzijue siku zake. Siku hiyo stripu ndipo zinapokwisha.