Fuvu la Giuseppe Villella: libaki Turin au lirudi Calabria likazikwe?

Wadau, waliopitia kriminolojia (elimu ya uhalifu) wanamjua Cesare Lombroso, daktari wa Italia. Mwaka 1876 alitoa kitabu akidai wapo watu wanaozaliwa wahalifu, na mwili huwaumbua: taya kubwa, masikio yaliyochomoza, mikono mirefu. Mwenyewe alisimulia kuwa wazo hilo lilimjia alipolipasua fuvu la Villella, mtu wa kijiji cha Motta Santa Lucia, Calabria, kusini mwa Italia, aliyefia kifungoni Pavia mwaka 1864. Alikuta kishimo ndani ya kisogo, akasema huyu amerudi kwenye hali ya wanyama. Kishimo kimoja!

Fuvu hilo limo kwenye makumbusho ya Lombroso, Turin, kaskazini mwa Italia. Kijiji kilishtaki. Mwaka 2012 mahakama ya Lamezia Terme iliamuru lirudishwe, chuo kikuu cha Turin kikakata rufaa, kikashinda 2017, na mahakama ya juu ikafunga kesi 2019.

Mimi nasema lirudi. Villella alifungwa kwa wizi, Lombroso akamkuza kuwa haramia. Italia ilikuwa imeungana 1861 tu, jeshi likiwasaka waasi wa kusini, na watawala walifurahi kusikia kwamba tatizo la kusini ni vichwa vya watu, si ardhi wala njaa. Nawasilisha.

Mchangiaji wa 2: Napinga, mkuu. Hata mifupa ya Lombroso mwenyewe imo humo humo, kwa wosia wake. Ukizika ushahidi wa kosa, kesho atakuja mtu na kompyuta inayosoma sura za watu, atuambie amegundua jambo jipya.

Mchangiaji wa 3: Wosia wake, umesema vizuri. Villella aliulizwa na nani?

Mchangiaji wa 4: Mnampa Lombroso ukubwa asiostahili. Beccaria, mwanasheria wa Milano, aliandika tangu 1764 kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kuadhibiwa, si ukali wa adhabu. Quetelet, mtakwimu wa Ubelgiji, naye alichambua takwimu za mahakama za Ufaransa akaona makosa yanajirudia mwaka hadi mwaka karibu kwa idadi ile ile, akahitimisha kuwa jamii ndiyo inayoandaa uhalifu. Hao wote walitangulia. Halafu 1913 Charles Goring, daktari wa magereza, akachapisha vipimo vya wafungwa zaidi ya 3,000 wa Uingereza: umbo la pekee la mhalifu hakuna. (Ingawa naye aliishia kudai wana akili pungufu. Ugonjwa ule ule, kiungo kingine.)

Mchangiaji wa 2: Ndiyo maana nataka watu walione fuvu lenyewe, wajue nadharia nzima iliegemezwa juu ya nini.

Mwanzisha mada: Wachonge mwigo wa plasta basi, kishimo kitaonekana vile vile. Kama tangu 1913 tunajua mfupa huu hauthibitishi lolote kuhusu mwenye nao, chuo kinaung'ang'ania kwa kazi gani ambayo plasta haiwezi?