Gego lililotibiwa mzizi: ni kijazio gani chenye nguvu ya kutosha?

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Hamjambo nyote. Nimemaliza matibabu ya mzizi katika gego langu la kwanza la chini, upande wa kulia, na kwa sasa jino limezibwa kwa dawa ya muda. Daktari amenipa njia tatu: amalgamu, yaani kijazio cha metali chenye zebaki, kompositi, yaani kijazio cha resini chenye rangi ya jino, au kompositi kisha kofia ya kulivika jino juu yake, ambayo ndiyo ghali kuliko zote. Kuta za upande wa ulimi na wa shavu bado zimesimama, ila ule wa nyuma, unaopakana na gego la pili, umeliwa na uozo hadi karibu na ufizi. Ningependa kujua ni kijazio kipi chenye nguvu zaidi, kwa kuwa mimi ni mtu wa mahindi ya kuchoma na miwa, nami sitaki jino lililonigharimu kiasi hiki livunjike. Aidha, nimesoma kwamba jino lililotolewa neva hukauka na kuwa rahisi kuvunjika. Je, kuna kijazio kinachoweza kulirudishia nguvu yake?

Tabibu wa Meno, Nakuru

Ndugu wa Kondele, nianze na hilo la mwisho, kwa maana limewapotosha wengi. Mwaka 1992 watafiti Sedgley na Messer walilinganisha meno yaliyotibiwa mzizi na wenzao wa upande wa pili, yaliyo hai, kutoka vinywani mwa watu wale wale, wakaona kwamba tofauti ya nguvu kati yao ni ndogo. Kinachodhoofisha jino ni kupoteza kuta zake. Reeh, Messer na Douglas walionyesha mwaka 1989 kwamba kutoboa jino na kusafisha mizizi hupunguza uimara wake kwa takribani asilimia 5 tu, ilhali shimo linalokata kingo zote mbili, ya mbele na ya nyuma, huupunguza kwa takribani asilimia 63. Wewe umepoteza ukingo mmoja, na hilo ni jambo zito kwa gego.

Kwa vipimo vya kubanwa, amalgamu iliyokwisha kukomaa hufika megapaskali (kipimo cha mkazo) 400 na zaidi, kompositi nyingi hupita 250, na glasi ayonoma, aina nyingine ya kijazio, huwa kati ya 150 na 200 hivi, ndiyo maana hii ya mwisho haifai kuachwa peke yake juu ya gego linalotafuna. Hata hivyo, nakuomba usichague kwa kuangalia namba hizo pekee. Meno yanayonijia yakiwa yamepasuka baada ya matibabu ya mzizi mara nyingi yana kijazio kizima kabisa katikati, hakina hata ufa, huku ukuta wa upande wa ulimi umeachana nacho na kushuka chini ya ufizi, unacheza ukiugusa kwa ncha ya kifaa. Kijazio kimeshinda, jino limeshindwa. Ufa ukishafika kwenye mzizi, huwa hatuna la kufanya ila kuling'oa. Kwa hiyo vilele vya gego lako, yaani ncha zake za kutafunia, vinapaswa kupunguzwa na kufunikwa, ili uzito wa kutafuna ulielemee jino kutoka juu, usizisukume kuta nje. Aquilino na Caplan walichapisha mwaka 2002 matokeo yanayoonyesha kwamba meno yaliyotibiwa mzizi na kukosa kofia yalipotea kwa kasi ya mara 6 kuliko yaliyovikwa.

Afisa wa Afya ya Kinywa, Busia

Nakubaliana na Daktari kuhusu kufunika vilele, lakini sikubali kwamba lazima iwe kofia ya maabara. Amalgamu inaweza kuifanya kazi hiyo, mradi vilele vipunguzwe milimita 2 hadi 3 na amalgamu ishindiliwe hadi kwenye midomo ya mifereji ya mizizi ili ishikilie, maana yenyewe haishikamani na jino. Pale ambapo shimo limefika karibu na ufizi na damu au unyevu haukomi, amalgamu huvumilia hali ambayo kompositi haiwezi kuivumilia. Mgonjwa aelezwe tu kwamba haifiki nguvu yake kamili kabla ya saa 24, hivyo asiitafunie mapema.

Ni kweli kwamba karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na kwamba Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, unazitaka nchi zipunguze matumizi yake. Jambo hilo naliunga mkono. Lakini mkulima aliyetoka mbali, asiye na uwezo wa kulipia kofia, asirudishwe nyumbani na dawa ya muda kwa sababu hiyo.

Fundi wa Maabara ya Meno, Eldoret

Naongeza neno kuhusu kofia zenyewe. Zirkonia, aina ya kauri ngumu, huweza kustahimili kupindwa hadi megapaskali 900 na zaidi, na kauri ya lithiamu disiliketi karibu 400, kwa hiyo ni nadra kofia ya gego kushindwa kwa udhaifu wake yenyewe. Hushindwa pale inapokosa pa kushika. Kofia inahitaji kulikumbatia jino halisi kwa kimo cha takribani milimita 2 juu ya ufizi, kuzunguka pande zote, na ninapopokea alama ya umbo la jino lililobaki kijazio kitupu upande mmoja huwa napiga simu kwa daktari kabla ya kuanza kazi. Kwa upande wako wa nyuma, hapo ndipo pa kuuliza.

Mkazi wa Kondele, Kisumu

Nashukuru sana, Daktari, nanyi wengine pia. Nikikosa pesa za kofia mwezi huu, je, nikae na dawa ya muda hadi nizipate? Na je, nitahitaji kijiti cha chuma ndani ya mzizi?

Tabibu wa Meno, Nakuru

Usikae nayo. Ray na Trope walionyesha mwaka 1995 kwamba ubora wa kijazio cha juu una mchango mkubwa katika kupona kwa ncha ya mzizi. Mate yakipenya, bakteria hurudi ndani, na matibabu yako yote yako hatarini. Mwombe daktari wako akujazie sasa kwa kijazio cha kudumu kinachofunika vilele, iwe kompositi au amalgamu kama alivyoeleza Afisa wa Busia, hoja ambayo naikubali kwa shimo lililofika ufizini. Kofia itakuja baadaye juu yake.

Ukichagua kompositi, mambo matatu yataamua nguvu yake kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti. Jino litengwe na mate kwa mpira maalumu. Mabaki ya dawa ya mizizi yenye yujenoli, yaani mafuta ya karafuu, yasafishwe kabisa, kwa kuwa huizuia resini ya kompositi kukauka vizuri. Kisha kompositi ya kawaida ijazwe kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikipigwa taa, kwa sababu hujikunja inapokauka na kuvuta kuta. Sisi huku Nakuru tuna tatizo jingine, la enameli (tabaka gumu la nje la jino) iliyoathiriwa na floraidi ya maji, ambayo gundi ya kompositi huishika kwa shida na huhitaji kutayarishwa kwa muda mrefu zaidi. Kama ulikulia upande wetu na meno yako yana madoa ya kahawia, mweleze daktari wako.

Kijiti huhitajika pale tu ambapo hakuna kitu kingine cha kukishikilia kijazio. Hakiongezi nguvu ya mzizi, na kutoboa nafasi yake huupunguza. Gego lako lina kuta na chumba kipana katikati, kwa hiyo sidhani kama utakihitaji. Kuhusu dawa ya muda, inatakiwa iwe na unene wa milimita 3 hadi 4. Ukiona imezama au imemeguka ukingoni kabla ya miadi yako, rudi siku hiyo hiyo.