UZI WA MALALAMIKO: "Chukua ASUS, achana na Gigabyte." Ushauri huu unatutia hasara watu wa Kigoma

Wakuu, habari za humu.

Naanzisha uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Mtu akiuliza mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya kampuni gani inadumu, anajibiwa kwa mstari mmoja: "Chukua ASUS." "Gigabyte ndiyo jiwe." "MSI zinaungua." "ASRock za kuchezea." Hakuna anayetaja modeli, hakuna anayetaja chipseti (chipu kuu ya bodi), wala hasemi bodi anayoilaumu iliuawa na nini. Mwenye steshenari hapa Kigoma, pale Mwanga au Ujiji, analibeba jibu hilo kama lilivyo, anatuma pesa Kariakoo, mzigo unapanda basi, bodi inakufa mapema, na yeye anabaki kuilaani kampuni ambayo pengine haijawahi kuigusa bodi ile. Mnawapotezea watu hela za mtaji.

Tuanze na makampuni yenyewe. ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock zote ni za Taiwan, na ASRock ilianzishwa 2002 ikitokea ndani ya ASUS hiyo hiyo. Tovuti ya Kifaransa ya Hardware.fr kwa miaka mingi ilikuwa ikichapisha asilimia za vifaa vilivyorudishwa kwa muuzaji. Wanne hawa mara nyingi walikuwa wanapishana kidogo, na nafasi zao zilibadilika toleo hadi toleo. Pengo kubwa lilikuwa kwenye modeli: bodi moja inarudishwa kuliko wastani wa kampuni yake kwa mbali, na ndugu yake wa boksi linalofanana hana shida.

Madhambi kila mmoja anayo. Mwishoni mwa 2021 ASUS ilikiri kwamba baadhi ya bodi za ROG Maximus Z690 Hero, tena za bei mbaya, zilitoka kiwandani kapasita moja (kijipipa cha kuhifadhi umeme) ikiwa imegeuzwa, na zikawa zinaungua. Mwaka 2023 baadhi ya prosesa za AMD za Ryzen 7000X3D ziliungua kwenye soketi yake ya AM5, kelele nyingi zikiwa kwenye bodi za ASUS, hadi AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 kwenye sehemu ya prosesa iitwayo SoC kupitia BIOS mpya (programu ya kuanzishia bodi). Mwaka 2025 zamu ikawa ya ASRock: Ryzen 7 9800X3D nyingi ziliripotiwa kufia kwenye bodi zake, kampuni ikatoa BIOS ya kurekebisha. Gigabyte wana tabia ya kutoa bodi ya jina lile lile kwa toleo jingine lenye vipande tofauti, ndiyo maana lazima usome "rev" (namba ya toleo) iliyoandikwa kwenye kona ya bodi, ukisoma boksi peke yake hujasoma kitu. MSI mwaka 2019 ilibidi watoe upya B450 zao kwa jina la MAX kwa sababu chipu ya BIOS ya megabaiti 16 ilikuwa ndogo kubeba prosesa zote. Na Januari 2011 Intel yenyewe ilitangaza kasoro kwenye chipseti za P67 na H67, milango ya diski (SATA) ya kasi ndogo inachoka taratibu, na kasoro hiyo ilikumba bodi za makampuni yote kwa mpigo. Sasa niambieni, jina la kwenye boksi lingekuokoa vipi hapo?

Kinachoamua uimara ni daraja la bodi na vipande vilivyowekwa pale pembeni ya prosesa. Chukua bodi ya chipseti ya H610 ya bei ya chini ya kampuni yoyote kati ya hizo nne, iangalie kushoto kwa soketi: mara nyingi utakuta mosfeti (vipande vinavyoshusha volti za kulisha prosesa) ziko uchi, hazina kipoza joto. Ukiifunga prosesa ya i3-12100, yenye wati 60 za kawaida na 89 ikipaa (ikikaza kasi), itaishi vizuri. Ukiifunga i7-12700, ambayo kwenye boksi inasomeka wati 65 lakini ikipaa inafika 180, sehemu ile inakaangika mchana kutwa, bodi inashusha kasi ili ijiokoe, na mteja anasema "kompyuta nzito". Hapo kosa ni la aliyeuza mchanganyiko huo, na ASUS, Gigabyte, MSI na ASRock zote zitaumia sawasawa.

Kapasita nazo mnazipuuza. Ile ya maji, yenye kichwa bapa chenye mikwaruzo ya msalaba, ikiandikwa nyuzi 105 na kiwandani imepewa saa 2,000, maana yake ni saa 2,000 kwenye joto hilo. Kila joto likipungua nyuzi 10 umri unazidishwa mara mbili, kwa hiyo kwenye nyuzi 85 unapata kama saa 8,000. Duka linalofungua saa 14 kwa siku linazimaliza kwa mwaka mmoja na miezi kama saba. Kapasita kavu ya polima yenye saa zile zile 2,000 umri wake unapanda mara 10 kwa kila nyuzi 20 zinazopungua, ikiwa kwenye nyuzi 85 inakupa saa 20,000, karibu miaka minne kwa matumizi hayo hayo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kampuni, uliza: kapasita kavu zote, au zimechanganywa?

Sasa hasira yangu kubwa iko hapa. Bodi nyingi zinazoletwa kwetu kama "mpya" hazina kampuni kabisa. Boksi limeandikwa H61 au H81 kwa herufi kubwa, pengine na picha ya joka, basi. Chipseti ya H61 ni ya 2011, Intel iliacha kuitengeneza zamani. Chipu iliyo juu ya bodi hiyo "mpya" imeng'olewa kwenye bodi iliyokufa na kuchomelewa upya. Ukiona H61 yenye nafasi ya M.2 (ya SSD nyembamba), ujue ni hizo, kwa sababu bodi za makampuni makubwa za zama zile hazikuja nayo. Hazina tovuti ya BIOS, fezi za umeme (njia zinazogawana mzigo wa kulisha prosesa) ni mbili au tatu, mlango wa mtandao mara nyingi ni wa megabiti 100. Halafu muuzaji anamwambia mteja kwa uso mkavu: "Hii ni kama Gigabyte tu." Si kama Gigabyte! Washa kompyuta, fungua dirisha la amri la Windows PowerShell, andika

Get-WmiObject Win32_BaseBoard | Select-Object Manufacturer,Product,SerialNumber

Kama kwenye nafasi ya mtengenezaji inakuja "To be filled by O.E.M.", hakuna kiwanda kilichojaza jina lake pale. Nafasi ya namba peke yake kuwa tupu isikutishe, hata bodi halali za bei ndogo huwa hivyo. Angalia pia stika yenye namba kwenye ukingo wa bodi, karibu na plagi ya pini 24: ifanane na ya kwenye boksi. Isipofanana, rudisha mzigo siku hiyo hiyo.

Na waranti! Kampuni ikiahidi miaka 3, ahadi hiyo inapita kwa muuzaji. Sisi tuko kama kilomita 1,250 za reli kutoka Dar, na duka linatoa "garantii ya wiki mbili, ukifungua hakuna kurudisha". Wiki mbili zinaishia bodi ikiwa bado inasubiri fundi aifunge.

Upande wa umeme nako kuna uongo mwingi. Mafundi wenzangu, acheni kusema "bodi imekufa yenyewe". Pawa saplai za bei poa zina sakiti ndogo ya volti 5 za kusubiri, inayofanya kazi muda wote plagi ikiwa ukutani hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kwenye nyingi kuna kapasita moja ndogo, mara nyingi kati ya maikrofaradi 22 na 47, imebanwa jirani na kipoza joto. Ikikauka, zile volti 5 zinapanda hadi 7, 9 au zaidi, na zinaingia moja kwa moja kwenye chipseti. Ndiyo maana mtu anafunga duka jioni kompyuta nzima, anafungua asubuhi imekufa, na chipseti ukiigusa ni ya moto. Ukifunga bodi mpya kwenye pawa saplai ile ile, unaiua ya pili, halafu unakuja humu kuandika "MSI mbovu".

Pima kwanza. Multimita kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye waya mweusi. Waya wa zambarau, pini ya 9: kati ya 4.75 na 5.25, plagi ikiwa ukutani na kompyuta imezimwa. Waya wa kijani, pini ya 16: una volti kadhaa, ukibonyeza swichi ya kuwasha ushuke hadi karibu na sifuri, usiposhuka, tatizo liko kwenye swichi au bodi. Ikishawaka, manjano iwe kati ya 11.4 na 12.6. Halafu chomoa kila kitu, weka multimita kwenye ohm, pima pini za volti 12 za plagi ya prosesa dhidi ya ardhi ya bodi: ukikuta sifuri au ohm chache, mara nyingi mosfeti imekufa, usiwashe tena.

Msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi za huku ziwani hazina utani, na hazipiti kwenye waya wa umeme peke yake. Antena ya intaneti ikiwa juu ya mlingoti, waya wa mtandao unaileta radi hadi kwenye chipu ya LAN (ya mtandao). Friji gadi na UPS havisaidii hapo. Chomoa plagi ya ukutani NA waya wa mtandao. Na nyumba isiyo na waya wa ethi (wa ardhini), kesi inakupiga shoti ndogo ukiigusa. Shoti hiyo hiyo inapita kwenye mlango wa VGA au USB wakati unachomeka skrini au printa. Weka ethi, gharama yake ni ndogo kuliko bodi.

Kwa wanaobadilisha kapasita: msitoe za kwenye redio! Pembeni ya prosesa zinatakiwa za ukinzani mdogo wa ndani, nyuzi 105, maikrofaradi zile zile, volti sawa au zaidi (6.3 unaweza kuweka 10). Piga picha kabla ya kung'oa, kwa sababu alama ya hasi kwenye duara la bodi haifanani kwa makampuni yote.

Wanaonunua Dell na HP za mtumba, bodi zake nyingi ni ngumu kuliko H610 mpya, hilo nalisema bila kusita, ingawa nazo zina historia: OptiPlex GX270 na GX280 za Dell zilivimba kapasita dunia nzima. Tatizo la sasa ni plagi. OptiPlex 3020, 7020 na 9020 zina pini 8 badala ya 24, EliteDesk 800 G1 ya HP ina pini 6. Pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta, na fundi anayekata waya na kubahatisha rangi anaua bodi nzuri.

Ukitaka msimamo wangu: kwa umeme wetu, jina lolote kati ya manne ni sawa, mradi ni B-siriesi (chipseti inayoanza na B, kama B450) yenye vipoza kwenye mosfeti, kapasita kavu, na kitufe cha kurudisha BIOS bila prosesa. Umeme ukikatika katikati ya kuweka BIOS, flashi ya FAT32 yenye faili la MSI.ROM au GIGABYTE.bin inakuokoa. Ila hakikisha kwenye modeli yenyewe, kitufe hicho hakiko kwenye kila bodi.

Wauzaji mlioko humu: tuma picha ya bodi yenyewe pande zote mbili, andika modeli na rev, andika waranti kwenye risiti. Na wachangiaji, anayetaka kusema kampuni fulani mbovu alete modeli, rev, prosesa, pawa saplai, na kipimo cha waya wa zambarau.