Vyuma vya kilo 3, mikanda ya mpira au ada ya jimu kwa mikono iliyolegea?

BintiChumbageni:
Asalaam aleikum wanajukwaa. Nina shilingi 120,000 nilizozitenga kwa ajili ya mikono yangu, hasa ile nyama ya nyuma iliyo kati ya bega na kiwiko. Fundi wangu wa nguo wa Barabara ya 8 alipima mkono mara mbili, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa adabu kama nisingependelea gauni la mikono mirefu. Kuna jirani anayehama ambaye ananiuzia jozi ya vyuma vya kilo 3, kuna mikanda ya mpira ya kuvuta niliyoiona dukani, na kuna jimu inayotaka ada ya miezi miwili kwa mkupuo. Nichukue kipi? Ninataka mkono uliokaza tu, sitaki kutuna misuli kama makuli wa bandarini.

MamaMakorora:
Waaleikum salaam. Dada, habari za fundi umetueleza kwa kirefu, lakini ya muhimu umeyaficha. Una umri gani, uliwahi kuwa mnene ukapungua ghafla, na je, una maumivu yoyote ya bega au kiwiko? Bila hayo tutakuwa tunakukatia nguo bila kipimo.

MkufunziDuga:
Hofu ya kutuna iondoe kwanza. Misuli mikubwa hujengwa kwa miaka ya mazoezi mazito, kwa chakula kingi na kwa msaada wa homoni ya testosteroni, ambayo mwanamke anayo kidogo sana akilinganishwa na mwanamume. Hakuna aliyelala mwanamke akaamka kuli. Pili, hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya mkono peke yake, kwa sababu mwili huchota akiba yake unakotaka wenyewe. Kinachowezekana ni kuujaza msuli wa nyuma, ambao ni takriban theluthi mbili ya misuli ya sehemu hiyo, ilhali wengi hukunja mkono kwa mbele tu wakidhani wamemaliza kazi. Nunua vyuma, lakini vile vinavyoongezwa sahani za uzito, maana baada ya wiki chache kilo 3 zitakuwa kama kubeba kikombe. Fanya mara mbili au tatu kwa wiki, marudio 10 hadi 15, na yale mawili ya mwisho yawe ya taabu.

MwogeleajiRaskazone:
Ninashangaa mtu anaishi Tanga halafu ananunua chuma. Maji yakijaa pale Raskazone, nusu saa ya kuogelea hukaza mikono, mabega na mgongo kwa pamoja, na gharama yake ni nauli ya bajaji.

MamaMakorora:
Na anayeogopa maji? Na anayetaka sitara? Si kila mwanamke atavua baibui ufukweni saa kumi jioni.

BiMikanjuni:
Kuhusu jimu, naomba nieleze yaliyonipata mwaka juzi, na jina la mahali ninalihifadhi. Nilikwenda siku ya kwanza nikiwa na hofu hiyohiyo ya kutuna, na mkufunzi akaniambia kwamba dawa yake ni uzito mdogo wenye marudio mengi, basi akanisimamia nikafanya marudio 100 ya kila zoezi la mkono huku akinipigia makofi. Usiku nililala vizuri. Siku ya pili viwiko vilikataa kunyooka. Nilishindwa kujifunga kanga, na binti yangu wa miaka saba ndiye aliyenichana nywele, huku akicheka. Siku ya tatu mkojo ulitoka na rangi ya chai ya rangi, nikakimbizwa hospitali, ambako daktari alinieleza kwamba misuli iliyoumizwa kupita kiasi humwaga vitu vyake kwenye damu, navyo vinaweza kuharibu figo. Nilikaa na dripu siku mbili. Ada haikurudishwa mpaka leo, na mikono yangu iko vilevile.

MjukuuWaPangani:
Bibi yangu hakuijua jimu. Alikuna nazi mbili kila siku na kutwanga kisamvu, na hadi anafariki mkono wake ulikuwa kama tawi la mpera. Nunueni mbuzi ya nazi.

MkufunziDuga:
Kutwanga ninakubali, kwa kuwa ukishindilia mchi kiwiko kinanyooka. Kukuna nazi kunachosha zaidi sehemu ya chini ya mkono, tena mkono mmoja tu.

MjukuuWaPangani:
Bibi alibadilisha mkono kila nazi.

BintiChumbageni:
Samahanini kwa kuchelewa kujibu. Nina miaka 43, na tangu mwaka jana nimepungua kilo 19 kwa muda wa miezi sita. Bega la kulia liliumia nilipoanguka na baiskeli, na mpaka sasa siwezi kuanika nguo kwenye kamba ya juu.

MamaMakorora:
Hilo ndilo ungeanza nalo! Sehemu ya ulegevu huo ni ngozi iliyotanuka, nayo haikazwi na chuma wala mpira. Msuli ukijaa chini yake, ulegevu hupungua lakini hauishi. Kwa bega hilo ningepita kwanza kwa mtaalamu wa viungo pale hospitali ya Bombo kabla ya kupita duka lolote, halafu nianze na pushapu za ukutani na mikanda ya mvuto mdogo. Mayai, dagaa na maharage yasikosekane, maana anayepungua kwa kasi hiyo hupoteza misuli pamoja na mafuta.

MkufunziDuga:
Mikanda hukatika, hasa ikiachwa juani. Bado ninasema vyuma, ila visipandishwe kupita usawa wa bega mpaka mtaalamu aseme.

BintiChumbageni:
Jirani anahama Jumamosi na anataka jibu kesho, na Bombo sidhani kama nitapata nafasi kabla ya hapo.

BiMikanjuni:
Ukiviacha hivyo vya kilo 3, tafadhali mwambie anisubiri mimi.